Si Kila Ndege Mweupe ni Yangeyange

Mazungumzo ya asubuhi, kama yalivyosomwa redioni. Masomo: Mathayo 6:25–34 na 1 Samweli 16:1–13.

Tunawasalimu ninyi mlio jikoni mkiwasha moto wa chai, ninyi mlio safarini, na ninyi mlio vitandani kwa sababu ya ugonjwa. Karibuni tukae pamoja kwa dakika chache kabla kazi za siku hazijatuvuta huku na huku.

Asubuhi ya leo tunataka kuwapeleka katika Ziwa la Naivasha, tuwatazame ndege. Labda mtu atauliza, "Habari za ndege zahusu nini wokovu wetu?" Ndugu, Bwana Yesu mwenyewe alipowafundisha wanafunzi wake mlimani, aliwaagiza wawaangalie ndege. Hakutaka wapite chini yao wakienda kwenye shughuli zao. Alitaka wasimame, wainue macho, watazame. Agizo hilo sisi tumelisoma miaka mingi, tukalihubiri na kulifundisha, lakini kulitenda hatukulitenda. Na siku tulipolitenda tuliaibika. Habari ya aibu hiyo ndiyo tunayowaletea leo, ili iwasaidie ninyi msiingie katika kosa letu.

Sisi tu walimu watatu wa Shule ya Jumapili, na pia tu wazee wa kanisa letu huko Naivasha. Wakati wa likizo ya Agosti, mwaka wa 2023, tuliwachukua watoto wa darasa letu hadi ziwani, wapate kuziona kazi za Mungu kwa macho yao wenyewe. Watoto walikuwa 14. Tulibeba mkate, chai katika chupa, daftari moja, penseli moja yenye mpira wa kufutia, na darubini ya zamani tuliyoazimwa na rafiki.

Wengi wenu mnalijua ziwa hilo. Liko katika Bonde la Ufa, zaidi ya mita 1,880 juu ya usawa wa bahari. Mito ya Malewa na Gilgil huingia humo, wala hakuna mto unaotoka. Hata hivyo maji yake si ya chumvi, kwa maana hupenya na kutoka chini ya ardhi. Jirani zake, Ziwa Elementaita na Ziwa Nakuru, ni maziwa ya magadi. Huko magadini hukaa flamingo, wanaokula viumbe vidogo sana vya majini ambavyo jicho halivioni. Hapa Naivasha wako zaidi wale wanaokula samaki, vyura, wadudu na majani. Mwaka wa 1995 ziwa hili liliandikwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ambao ni mapatano ya mataifa ya kutunza mahali penye maji na matope panapofaa viumbe. Basi watu hutoka ng'ambo, wakapanda ndege, wakalipa fedha nyingi, waje kuwatazama ndege wetu. Na sisi tuliozaliwa karibu nao hatukujua hata majina yao.

Tulisimama mahali pa juu kidogo, mbali na ukingo, maana viboko wa Naivasha si wa kuchezewa. Mara mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, yule ndege mweupe anaitwaje?"

Tukajibu, "Yangeyange."

"Na yule pale karibu na ng'ombe?"

"Yangeyange."

"Na yule mrefu?"

"Huyo ni yangeyange mkubwa."

"Na yule anayepekua maji kwa mdomo, huku na huku?"

Tukatazamana. Mmoja wetu akasema, "Huyo pia ni yangeyange, ila amezeeka."

Watoto wakacheka. Msichana mdogo aliyeshika daftari akaandika kwa utiifu: yangeyange, yangeyange, yangeyange, yangeyange. Alipoonyesha ndege mweusi aliyesimama juu ya gogo amekunjua mabawa, tukamwambia aandike "bata mweusi."

Hapo tukasikia mtu akicheka taratibu nyuma yetu. Alikuwa mzee ameketi chini ya mgunga, akishona wavu uliotatuka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kama mtu mzima anayecheka watoto waliovaa viatu vya baba yao. Tulipogeuka tukamtambua, na nyuso zetu zikabadilika kidogo.

Mzee huyo alikuwa mshiriki wa kanisa letu. Jina lake tulilijua, na benchi aliyozoea kuketi tuliijua. Tulijua pia neno lililoandikwa juu yake katika kitabu cha kanisa, kwa maana mmoja wetu ndiye aliyeliandika, na sisi wote tulikuwamo kikaoni.

Mnakumbuka mwaka wa 2020. Mwezi wa Machi makanisa yalifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Mwaka huo huo maji ya ziwa yalipanda kupita kiasi, yakaingia katika nyumba za watu mtaani Kihoto na kwingineko kando ya ziwa, na jamaa nyingi zikahama zikiwa na magodoro vichwani. Nyumba ya mzee huyu ilikuwa miongoni mwa zile zilizoingiliwa na maji. Makanisa yalipofunguliwa tena, wengi walirudi polepole. Yeye hakurudi. Kisha mzee mwenzetu mmoja, akienda ibadani Jumapili, alimwona kutoka barabarani akiwa amesimama majini mpaka magotini, akivuta kitu cheupe kama wavu. Habari ikaletwa kikaoni. Hakuna aliyeuliza zaidi. Tukaandika kwa wino: "Amerudi nyuma. Huvua samaki siku ya Bwana."

Basi siku hiyo tulimsalimu, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, walimu. Hamjambo watoto?" Kisha akasema, "Kuuliza si ujinga. Hao wote mmewapa jina moja?"

Tukakiri kwamba hatujui.

Akasema, "Mmetazama rangi. Rangi huonekana hata kutoka barabarani. Sogeeni hapa, mtazame miguu."

Akaacha wavu wake, akatuongoza mahali palipokuwa na uwazi kati ya mafunjo, akatuambia tunyamaze. Ndipo tulipoanza kuona.

Yule wa kwanza, mwembamba, alikuwa na mdomo mweusi na miguu myeusi. Lakini alipoinua mguu, vidole vyake vilikuwa vya manjano, kana kwamba amekanyaga ndoo ya rangi. Mzee akasema, "Huyo ndiye yangeyange mdogo. Tazameni anavyoutikisa mguu matopeni. Anawashtua samaki wadogo watoke, awadake."

Wa pili, yule wa ng'ombe, alikuwa na shingo fupi na mdomo mfupi wa manjano. Huyo hana haja kubwa na maji. Hufuata nyayo za ng'ombe, kwa sababu ng'ombe akitembea panzi huruka kutoka majanini, naye huwala.

Wa tatu, yule mrefu, miguu yake ilikuwa myeusi mpaka vidoleni, na shingo yake ndefu imepinda kama ndoana. "Huyo ni wa jamii ya koikoi," mzee akasema. "Mdomo wake sasa ni wa manjano. Ukija wakati wa kutaga, mdomo huo utakuwa mweusi. Mkitegemea mdomo peke yake, mtampa ndege mmoja majina mawili."

Na yule wa nne, tuliyesema amezeeka, hakuwa yangeyange hata kidogo. Uso wake ulikuwa mwekundu na miguu yake myekundu, na mdomo wake ulikuwa bapa na mpana mwishoni kama mwiko wa ugali. Mzee akamwita domomwiko. Haoni samaki wake. Hupitisha mdomo majini kushoto na kulia, ukiwa wazi kidogo, na chochote kinachougusa hunaswa.

Kisha mzee akatufundisha alama moja ambayo hata mtoto anaweza kuikumbuka. Ndege hao wakiruka, tazama shingo. Yangeyange na koikoi huikunja shingo na kuirudisha mabegani. Korongo na domomwiko huinyosha mbele. Hivyo hata akiwa juu angani, ukimtazama kwa utulivu, atakuambia yeye ni nani.

"Na yule bata mweusi?" akauliza yule msichana.

"Huyo si bata, mjukuu wangu. Huyo ni mnandi. Manyoya yake hulowa maji, na kulowa huko humsaidia kuzama chini kuwafuata samaki. Akitoka ni lazima ayaanike mabawa yake juani, kama mama anavyoanika nguo."

Wapenzi, neno hilo lilitugusa. Mnandi! Jina hilo tumelisoma kanisani katika Mambo ya Walawi sura ya 11, pamoja na mwari, na korongo, na koikoi. Tumelisoma kwa sauti kubwa mimbarani, tena pasipo kukwama. Kumbe mwenye jina hilo alikuwa akianika mabawa kila siku karibu na mlango wetu, nasi tukamwita bata. Ni rahisi sana, ndugu, kulijua jina kitabuni na kutomjua mwenye jina.

Kijana mmoja akapiga kelele, "Mwewe!" Alikuwa ameona ndege mkubwa wa kahawia mwenye mabaka, juu ya mti mkavu. Mzee akatikisa kichwa. "Huyo ni mtoto wa furukombe, yule tai mla samaki. Babake ndiye yule mwenye kichwa cheupe anayelia akiinua kichwa juu. Mtoto huchukua miaka kama 4 au 5 kupata nguo za baba. Ukimwandika leo kuwa si furukombe, umeandika uongo juu ya mtoto wa watu."

Mwisho akatuonyesha ndege wa kahawia mwenye vidole virefu ajabu, akitembea juu ya majani ya gugu-maji yanayoelea, wala hazami. Vifaranga wadogo walimfuata. Watoto wakasema, "Tazameni, mama na watoto wake!" Mzee akatabasamu. "Huyo ni baba. Mama wa ndege hawa hutaga, kisha huenda zake. Baba ndiye anayeyaatamia mayai, na ndiye anayelea. Ikija hatari huwakusanya vifaranga chini ya mabawa yake na kuwabeba, ukaona miguu yao mirefu imening'inia chini."

Yule msichana akashangaa. "Kumbe baba naye hulea?"

Mzee hakujibu. Alilitazama jua, akaukunja wavu wake, akasema, "Walimu, niwieni radhi. Nina mgonjwa nyumbani. Saa ya kumgeuza imefika."

Mmoja wetu akabaki na watoto, na sisi wawili tukafuatana naye. Hatukwenda mbali. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati, karibu kabisa na barabara ile tunayopita kila Jumapili kwenda kanisani. Ndani alilala mkewe. Alipata kiharusi mwishoni mwa mwaka wa 2020, miezi michache baada ya maji kuichukua nyumba yao, na upande wake wa kuume haukuwa na nguvu tena. Chumba kilikuwa safi. Kilinukia sabuni. Mzee alimgeuza kwa mikono iliyozoea kazi hiyo, akamfuta uso, akamnywesha uji kwa kijiko, polepole, akingoja kila mara ameze.

Tulipotoka nje tuliona kamba, na juu ya kamba shuka tatu nyeupe zimeanikwa.

Hatukuweza kusema neno mara moja. Mwishowe tukamwuliza shuka hizo huzifua lini na wapi. Akajibu bila kufikiri, kama mtu asiye na la kuficha. Katikati ya juma hushona nyavu za watu kwa malipo, na jirani mmoja hupita kumwangalia mgonjwa. Lakini jirani huyo Jumapili huenda kanisani, wala hakuna mtu wa kumwachia mgonjwa kwa saa tatu nzima. Basi Jumapili alfajiri, mgonjwa akiwa bado usingizini, yeye hushuka mara moja hadi ziwani kufua, kwa sababu maji ya mtungi ni ya kununua.

Tukamwuliza, "Mzee, mbona hukutuambia?"

Akatuangalia kwa upole. "Nilidhani mnajua. Mlikuwa mkipita barabarani Jumapili, nami nikawapungia mkono. Nanyi mkanipungia."

Ni kweli, ndugu zetu. Tulimpungia mkono. Karibu miaka mitatu tulimpungia mkono kutoka barabarani, tukiwa na Biblia kwapani, kisha tukaenda kuketi kanisani na kitabu kilichosema amerudi nyuma.

Tuliporudi ziwani, yule msichana alikuwa akifuta daftari lake. Alifuta yangeyange wa tatu na yangeyange wa nne, akapuliza vumbi la mpira, akaandika majina mapya. Alifuta pia "bata mweusi," akaandika "mnandi." Haikumchukua hata dakika moja. Sisi tulimtazama tukakumbuka kitabu chetu kilichoandikwa kwa wino.

Sasa, wapenzi wasikilizaji, tujifunze nini?

Tunajifunza kwanza kwamba jina hutolewa kwa kusogea karibu. Katika Mwanzo sura ya 2 tunasoma jinsi Adamu alivyowapa majina wanyama na ndege. Angalieni vizuri: Mungu aliwaleta kwa Adamu kwanza. Waliletwa karibu naye, akawaona, ndipo akawataja. Adamu hakuketi mbali chini ya mti akasema, "Yule kule, na yule kule, wote ni kitu kimoja." Lakini sisi tunawapa wenzetu majina kutoka mbali. Huyu mchoyo. Huyu mvivu. Huyu mwenye kiburi. Huyu wa kabila fulani, nao wote ni namna moja. Msichana huyu ameharibika. Kijana huyu hana faida. Na mara nyingi kitu tulichokiona ni rangi tu.

Pengine mtu atasema, "Lakini Bwana alifundisha kwamba mtu hutambuliwa kwa matunda yake." Amina, ndivyo alivyofundisha katika Mathayo sura ya 7. Hatusemi kanisa lifumbe macho mbele ya dhambi. Lakini, rafiki, tunda haliwezi kuonjwa kutoka barabarani. Anayetaka kujua tunda ni lazima aufikie mti. Sisi hatukuufikia. Tuliona kitu cheupe majini tukasema ni wavu. Kilikuwa shuka ya mgonjwa. Tuliita kuvunja siku ya Bwana lile jambo ambalo Bwana mwenyewe angeliita upendo.

Tena tunajifunza kuwa na subira. Mdomo wa yule koikoi hubadilika rangi kwa majira, naye ni yule yule. Yule furukombe mchanga leo ana mabaka, lakini Muumba wake anajua atakuwa nani. Wazazi, mnaye kijana nyumbani anayewasumbua? Mwonyeni, mfundisheni, msimwachilie. Lakini msimwandike kwa wino. Hata nabii Samweli, mtu aliyeisikia sauti ya Mungu tangu utotoni, alipofika nyumbani kwa Yese alimtazama Eliabu, akaona urefu wake na uso wake, akadhani amekwisha kumpata mfalme. Mungu akamkataza. Yeye aliyechaguliwa alikuwa bado malishoni pamoja na kondoo, wala baba yake hakufikiri kumwita. Ikiwa nabii alihitaji kurekebishwa, je, kikao cha kanisa?

Nasi tunawaambia kwa uwazi kilichofuata, ili msidhani mambo haya huishia katika machozi tu. Juma lile lile tuliitisha kikao. Tulieleza tulichokiona. Yale maneno yalipigwa mstari, na chini yake tukaandika kwamba sisi ndio tuliokosa, tukatia sahihi zetu. Yule mzee mwenzetu aliyeleta habari kikaoni alikwenda mwenyewe kuomba msamaha, naye alipewa msamaha pamoja na kikombe cha chai. Akina mama wakapanga zamu, kila Jumapili mmoja wao akae na mgonjwa. Na mzee wetu akarudi kwenye benchi yake. Jumapili ya kwanza aliporudi aliimba kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu kama bado anaujua wimbo.

Kuanzia Septemba tulimpelekea mama Meza ya Bwana nyumbani, mara moja kila mwezi. Mwezi wa Machi, mwaka wa 2024, mama alilala katika Bwana. Tulikuwa tumemhudumia mara sita. Tungalifungua macho yetu tangu mwanzo, ingalikuwa karibu mara 40. Mungu ametusamehe, hilo twalijua kwa neno lake. Lakini Jumapili zile haziwezi kurudishwa. Ndugu, msingoje. Kalamu inaweza kupiga mstari juu ya maneno, lakini haiwezi kurudisha siku.

Siku ya mazishi watoto wa darasa letu walikuwapo. Jua lilipoanza kushuka, kundi la ndege weupe lilipita juu ya makaburi likielekea ziwani kulala. Yule msichana akainua macho, akatazama shingo zao, akanong'ona, "Wamezikunja. Hao ni yangeyange." Mzee akamsikia katikati ya huzuni yake, akamwekea mkono kichwani.

Sasa tunawaomba jambo moja dogo, ninyi mnaotusikiliza. Leo, kabla jua halijatua, mkumbuke mtu mmoja ambaye mmempa jina kutoka mbali. Labda ni mshiriki aliyeacha kuja. Labda ni jirani ambaye watoto wenu wameambiwa wasimsalimu. Labda ni ndugu wa tumbo moja. Msimpungie mkono tu na kupita. Ondokeni barabarani, mfike mlangoni, mbishe hodi, mketi. Tazameni mikono yake inafanya kazi gani. Sikilizeni kwanza. Na kama baada ya kumwona karibu mtakuta kweli amepotea, basi mtakuwa mmekwisha kufika mahali pa kumsaidia. Maana aliye mbali hawezi kumwinua mtu.

Na wewe uliyeandikwa vibaya na watu, wewe unayefua shuka zako alfajiri na hakuna ajuaye, pokea neno hili. Katika Mathayo sura ya 10 Bwana alisema juu ya shomoro, ndege wa bei ndogo kabisa sokoni, kwamba hata mmoja wao haanguki nje ya ujuzi wa Baba. Na katika Yohana sura ya 10 alisema kwamba Mchungaji mwema huwaita kondoo wake kwa majina, kila mmoja kwa jina lake. Yeye hakuoni kutoka barabarani. Yumo chumbani mwako.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyewaumba ndege wa maji kila mmoja kwa namna yake, wala hukumsahau hata mmoja, utusamehe sisi tulio wepesi wa kutaja majina na wazito wa kwenda kuona. Uwakumbuke wagonjwa wanaougua vyumbani bila kutembelewa, na wanaume na wanawake wanaowahudumia usiku na mchana. Uwaponye waliojeruhiwa na maneno ya kanisa lako. Utupe macho ya kutazama karibu, miguu ya kuondoka barabarani, na mioyo ya kukiri tulipokosea. Kwa jina la Yesu Kristo, atujuaye sote kwa majina. Amina.

Hadi tutakapokutana tena katika kipindi hiki, Bwana awabariki na kuwalinda. Kwaherini.